Jazi Ilipobisha Hodi kwa Kiswahili: Maoni Kuhusu Randy Weston na Onyesho la Wapigaji Watatu

Katika mkutano wa kamati ya chama chetu uliofanyika mwanzoni mwa muhula huu, palizuka mjadala ambao hadi sasa haujapoa. Hoja iliyoletwa mezani ilikuwa nyepesi: je, chama cha wanafunzi wa Kiswahili kina haki ya kutumia sehemu ya hazina yake, ambayo sote twajua ilivyo haba, kugharimia jioni moja ya muziki wa jazi hapa Manyatta? Wapigaji ni watatu tu: mmoja wa piano, mmoja wa besi na mmoja wa ngoma. Muziki watakaoupiga ni wa Randy Weston, mpiga piano Mmarekani mweusi aliyefariki dunia tarehe 1 Septemba 2018. Ndugu mmoja aliinuka akasema kwamba jazi ni ya Wamarekani, na kwamba kazi yetu sisi ni ushairi, riwaya na tamthilia. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Makala haya ni jibu langu kwake, nalo nalitoa kwa heshima zote, kwa kuwa naamini alikosea si kwa nia mbaya bali kwa kukosa habari.

Randy Weston alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, aliyekuwa mfuasi wa Marcus Garvey, alimlea kwa fundisho moja: kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na kwamba hana budi kuijua historia ya bara lake. Kijana huyo, aliyekua hata akapita mita mbili kwa urefu, alivutiwa na wapiga piano kama Duke Ellington na Thelonious Monk. Hata hivyo, mkono wake wa kushoto, ule unaopiga sauti nzito za chini, ulizidi kuifanya piano kuwa ngoma. Mwaka 1967 alizunguka nchi kadhaa za Afrika katika ziara iliyodhaminiwa na serikali ya Marekani. Baada ya hapo alifanya makao Morocco kwa miaka kadhaa, akawa na ukumbi wake wa muziki mjini Tangier. Huko alijifunza kwa mafundi wa Gnawa, ambao wengi wao ni wazao wa watu weusi waliovushwa jangwa la Sahara wakiwa watumwa. Hii si safari ya mtalii. Ni safari ya mtu aliyeitafuta nyumba yake kwa vidole kumi.

Lakini kazi yake inayotuhusu zaidi sisi wanafunzi wa Kiswahili ilitangulia safari hizo zote. Mnamo Novemba 1960, Weston aliwakusanya wanamuziki zaidi ya ishirini katika studio moja mjini New York, akarekodi utungo mrefu wenye sehemu nne. Muziki ulipangwa na Melba Liston, mwanamke mpiga tromboni ambaye jina lake lastahili kutajwa kila litajwapo la Weston. Maneno yaliandikwa na mshairi Langston Hughes. Utungo wenyewe uliitwa "Uhuru Afrika". Sehemu ya kwanza iliitwa "Uhuru Kwanza" na ya mwisho "Kucheza Blues". Naam, msomaji mpenzi, maneno hayo hayakutafsiriwa baadaye na mtu wa Dar es Salaam au Mombasa. Yalichapishwa hivyo kwenye jalada la sahani ya santuri huko huko Marekani.

Ilikuwaje? Weston alisimulia kwamba alikwenda kuzungumza na Waafrika waliokuwa katika Umoja wa Mataifa ili kuwauliza ni lugha ipi ya Kiafrika iwezayo kulisemea bara zima. Jibu alilolipata lilikuwa Kiswahili. Mtanganyika mmoja, Tuntemeke Sanga, ndiye aliyelisoma shairi la uhuru la Hughes kwa Kiswahili mwanzoni mwa rekodi hiyo. Tutafakari tarehe. Wakati Sanga anasimama mbele ya kipaza sauti, Tanganyika ilikuwa imebakiza takriban mwaka mmoja kabla ya kupandisha bendera yake tarehe 9 Desemba 1961. Kenya ilikuwa na miaka mitatu mbele yake. Jomo Kenyatta alikuwa bado kizuizini. Wazee wetu hapa Embu walikuwa wametoka juzi tu katika Hali ya Hatari, iliyoondolewa Januari 1960. Neno "uhuru", ambalo huku lilikuwa likimtia mtu mashakani, kule lilikuwa likipigiwa tarumbeta. Wala haikushangaza kwamba serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku rekodi hiyo mwaka 1964. Watawala wa aina hiyo hawahitaji kamusi ili waijue maana ya neno uhuru.

Kuna watakaosema kwamba wahenga wa Weston hawakuwa Waswahili. Kwamba wengi wa waliouzwa kuvuka Atlantiki walitoka Afrika ya Magharibi na ya Kati. Hoja hiyo ni kweli, nami naikubali. Ila kwa maoni yangu ukweli huo huitia nguvu hoja yangu badala ya kuidhoofisha. Weston hakukirithi Kiswahili. Alikichagua. Mtu aliyenyang'anywa lugha ya babu zake, akiwa na uhuru wa kuokota yoyote barani, alikiinua Kiswahili kwa sababu si mali ya kabila moja. Kwa hakika hiyo ndiyo hoja tuliyofundishwa darasani tangu mwaka wa kwanza, kwamba Kiswahili ni lugha ya kuunganisha. Tofauti ni kwamba sisi tuliiandika katika mtihani, naye akaipiga kwa piano.

Niruhusiwe hapa kusema jambo langu binafsi. Nilipokuwa shule ya msingi, si mbali sana na hapa nikaapo nikiandika, palikuwa na kibao kidogo kilichofungwa uzi. Aliyesikika akizungumza Kiembu, au Kiswahili katika siku isiyokuwa ya Kiswahili, alivishwa kibao hicho shingoni hadi amnase mwenziwe. Jioni waliokivaa waliitwa mbele, na fimbo ikafanya kazi yake. Nimekivaa mara nyingi. Niliposikia kwa mara ya kwanza sauti ya Sanga ikitamka Kiswahili katikati ya ngoma na tarumbeta za New York, nilikuwa tayari mwanafunzi wa shahada ya uzamili. Sikuwaza nadharia yoyote. Niliwaza kibao kile. Lugha niliyochapiwa mimi katika nchi huru ndiyo lugha waliyoitumia wao kuuita uhuru kabla haujafika kwetu. Yeyote anayesema kwamba muziki huu hautuhusu, na anieleze basi unamhusu nani.

Aidha, Weston hakuwa peke yake. Mwaka 1952 mpiga piano Horace Silver alirekodi, akiwa na wenzake wawili, kipande alichokiita "Safari". Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na albamu yake ya mwaka 1971 ikabeba jina hilo. Wenzake katika kundi nao walijipatia majina ya Kiswahili: mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga ngoma Billy Hart akawa Jabali, na mpiga tarumbeta Eddie Henderson, aliyekuwa pia daktari aliyesomea udaktari, akawa Mganga.

Kizuri hakikosi ila, nasi wanaisimu tuna macho ya kuziona ila. Hancock ni mtunzi wa muziki. "Mtunzi" lingemfaa zaidi kuliko "mwandishi". Mchezaji kwetu ni wa kandanda au wa densi; wa besi ni mpigaji. Sisi twapiga ngoma, twapiga gitaa, twapiga piano. Lakini kabla hatujacheka, tujichunguze. Ni wangapi kati yetu wasemao leo "anacheza gitaa", kwa kuburutwa na Kiingereza? Weston alipoandika "Kucheza Blues", kauli yake inasimama sawasawa ikieleweka kuwa ni kuucheza muziki huo kwa miguu. Pengine yeye ametushinda sarufi.

Tena neno lenyewe "jazi" si geni kwetu hata tulifukuze mlangoni. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa miaka ya 1930, na Morogoro Jazz Band, aliyoipigia Mbaraka Mwinshehe, miaka ya 1940. Western Jazz, Kilwa Jazz na Tabora Jazz zilifuata. Bendi hizo zilipiga dansi la magitaa lisilofanana sana na muziki wa Weston, lakini zilijitwalia jina hilo bila kuomba ruhusa ya mtu. Hivyo basi, Wamarekani walichukua "uhuru" kwetu, nasi tulichukua "jazi" kwao. Huo ni mkopo wa pande mbili, na mkopo wa namna hiyo huitwa ujirani.

Sasa nirudi kwenye onyesho letu. Kwa kuwa naliunga mkono, nina wajibu wa kusema pia kasoro zake. Kwanza, tangazo lililobandikwa limeandikwa kwa Kiingereza kitupu, kana kwamba Weston aliumwa bure kichwa mwaka 1960. Liandikwe upya, nasi ndio wenye ujuzi wa kuliandika. Pili, wapigaji wanapanga kutumia ngoma za kizungu zilizopangwa kwenye vyuma. Weston mwenyewe, katika kundi lake la watu watatu pamoja na mpiga besi Alex Blake, alimweka Neil Clarke kwenye ngoma za mikono za Kiafrika. Sisi tuko hatua chache kutoka kwa majirani zetu Wachuka, ng'ambo ya mto Thuci, ambao ngoma zao ndefu zinazobanwa baina ya mapaja zina sifa iliyovuka mipaka ya Kenya. Kuziacha hizo ni sawa na kununua maji huku tumekaa ukingoni mwa Rupingazi. Tatu, muziki usipigwe mtupu. Mwanafunzi mmoja wa chama asimame, kama alivyosimama Sanga, asome shairi la uhuru alilolitunga mwenyewe kwa Kiswahili. Waliopo katika idara hii wawezao kazi hiyo ni wengi.

Najua fedha ni chache. Najua pia kuna wanaotaka fungu hilo liende kwenye nauli ya kongamano, nao wana haki ya kulidai. Siwaiti wasaliti wa lugha. Nawaomba tu wapime: kongamanoni tutawaambia watu wa Kiswahili kwamba Kiswahili ni lugha kubwa, jambo ambalo wanalijua tayari. Hapa Manyatta wataingia ukumbini wakulima wa chai na kahawa, makondakta wa matatu na watoto wa shule, na baadhi ya watoto hao huenda asubuhi hiyo walivikwa kibao. Watamsikia mpiga piano akipiga muziki wa mtu wa mbali aliyekiona Kiswahili kuwa kinafaa kuusemea uhuru wa bara zima. Ni somo ambalo hakuna mhadhara utakaolitoa vizuri zaidi.

Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Wenzangu wamekuwa wakiitumia methali hiyo kuipinga jazi, wakidhani kwamba jazi ndiyo msala upitao. Waufunue waone. Umefumwa kwa ukili wetu. Kamati itakapokutana tena kupiga kura, nitainua mkono wangu kuunga mkono onyesho hili, na nawasihi wanachama wenzangu wainue yao.