Tukikata umeme wa Ruzizi, nani atalala gizani kwanza?



Wiki hizi kuna neno ninalosikia sana: "Tukate waya, Rwanda ikae gizani." Hasira hiyo naielewa. Mimi nilikuwa mtoto Agosti 1998, wakati askari waliotumwa na Rwanda waliposhuka kwa ndege Kitona pamoja na waasi, wakakamata bwawa la Inga na kuzimia Kinshasa umeme. Walioumia ni wagonjwa hospitalini na raia waliokosa maji.

Lakini Ruzizi si Inga. Ruzizi II, iliyoanza kazi 1989, ni mali ya nchi tatu: Kongo, Rwanda na Burundi. Inaendeshwa na SINELAC, yenye makao yake Bukavu. Maji yanayozungusha mashini zake yanapitia kwanza Ruzizi I, ambayo ni ya SNEL. Ukimzimia jirani, na Bukavu inazima, na Burundi inapungukiwa. Hata plastiki tunazotupa sisi wenyewe ziwani zinaziba mashini na kuwaletea giza watu wa nchi tatu. Hapo hakuna adui wa kumsingizia!

Tena Februari 2025 M23 iliingia Bukavu. Sasa kuna mkono mwingine tena karibu na swichi.

Januari ile vita ilipofika Goma, umeme ulikatika na pampu za maji zikasimama. Akina mama walishuka ziwani na mabidoni, wakachota maji yasiyotiwa dawa, katika mji unaojua vizuri kipindupindu. Sikuona mkubwa yeyote, wa upande wowote, akibeba bidoni.

Leo wakubwa wanatuambia habari za Ruzizi III, megawati 206, kwa nchi zilezile tatu. Mimi siipingi, umeme tunauhitaji, makala yamemaliza misitu yetu. Ila kabla hawajamwaga simenti, waandike kwamba waya na pampu za maji haziguswi wakati wa vita, na kwamba mafundi wanapewa njia ya kwenda kutengeneza, hata kama njia hiyo inavuka mstari wa mapigano. Deni la serikali lisilipwe kwa kuzimia kalatiye ya watu waliokwisha kulipa fakture yao.

Na maandishi hayo yasomwe redioni kwa Kiswahili, ili yule mama wa bidoni ajue ni nani wa kumuuliza siku bomba litakapokauka.