Fisi tumemsingizia

Najua nimepotea siku nyingi, testi zilinibana. Leo nina jambo moja tu.

Juzi kwenye foleni ya msosi jamaa mmoja karudi kuongeza ubwabwa, watu wakamshukia: "Fisi huyo!" Tukacheka wote, mimi nikiwemo. Ila nilirudi chumbani na aibu kidogo, maana kitandani nilikuwa na kitabu nilichoazima maktaba, na fisi wa humo siye yule wa hadithi za bibi.

Kitabu kinaitwa Innocent Killers, kilitoka 1970. Walioandika ni Hugo van Lawick na mkewe wa wakati huo, Jane Goodall, yule mama wa sokwe wa Gombe aliyefariki 2025. Jane mnamjua. Hugo wengi hatumjui, wakati picha zake ndizo zilizomtambulisha Jane kwa dunia. Alikuwa Mholanzi, kazaliwa Surabaya, Indonesia, mwaka 1937. National Geographic walimtuma Gombe 1962, na sehemu kubwa ya maisha yake ikapita Tanzania, miaka mingi akiishi kwenye mahema pale Ndutu, Serengeti. Alifariki Dar 2002, akazikwa hukohuko Ndutu.

Kilichonigusa ni hiki: wakati kila mwenye kamera anamkimbilia simba, wao kitabu kizima wakawapa fisi, bweha na mbwa mwitu. Wanyama wa kutukanwa! Wakawa wanakesha garini kule Ngorongoro, wanawafuata fisi gizani. Wakaona koo zenye mipaka yake, majike ndio wakubwa, na kundi likiangusha nyumbu lenyewe, bila kusubiri makombo ya mtu.

Sasa mtalii anafika asubuhi, anakuta simba juu ya mzoga, fisi wamezunguka pembeni. Anajua moja kwa moja simba kaua, fisi wanadoea. Kumbe Ngorongoro mara nyingi ni kinyume: fisi wamewinda usiku, simba kaja kuwanyang'anya. Mtafiti Hans Kruuk, aliyewachunguza fisi hao hao miaka ya 1960, alikuta hivyo hivyo.

Mshkaji wangu kanibishia. Anasema kwao fisi wanamaliza mbuzi, nisimletee mambo ya vitabuni. Sikatai, mfugaji ana haki ya kukasirika. Lakini mwizi wa mbuzi ni kosa moja, na sisi tumembandika yote: mjinga, mwoga, mlafi, mla makombo. Akaongeza kwamba Hugo alikuwa na gari, kamera na muda. Hilo nalo kweli. Ila gari na kamera hata yule mtalii anavyo. Tofauti ni kwamba Hugo alikuwepo usiku.

Maoni yangu ndiyo hayo. Wengi wetu hapa chuo tunafika asubuhi, tunakuta mzoga, tunatoa hukumu. Halafu hukumu inakuwa jina la mtu mpaka anamaliza mwaka wa tatu.

Yule jamaa wa ubwabwa, kwa mfano. Boom bado halijatoka wiki hii. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwuliza kama jana yake alikula.