Mtoto akiuliza: Mungu alikuwa wapi siku ile?

Maswali mengi ya watoto hujibiwa huku mzazi akiendelea na kazi yake. Liko moja, hata hivyo, linalomfanya mzazi Mkristo aweke chini alichoshika: kama Mungu yupo na anatupenda, alikuwa wapi siku ile?

Kwa familia za Kitaya, kijiji cha mkoani Mtwara kilicho kandokando ya Mto Ruvuma, "siku ile" inajulikana. Katikati ya Oktoba 2020, wiki mbili kabla ya Uchaguzi Mkuu, watu wenye silaha walivuka mto wakitokea Msumbiji na kukishambulia kijiji. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto. IGP wa wakati huo, Simon Sirro, alithibitisha tukio hilo. Mtoto aliyekuwa mdogo mwaka ule ameshakua, na swali lake limekua pamoja naye.

Si Kitaya peke yake. Kila nyumba ina siku yake: mama aliyefia wodi ya wazazi, baba aliyeondoka na boti ya uvuvi asirudi, mdogo aliyeondoka kwa malaria.

Jibu la haraka

Wazazi wengi humjibu mtoto kwa kumnyamazisha. "Usikufuru." "Ni mapenzi ya Mungu, yaishe." Mzazi hafanyi hivyo kwa ubaya. Anaogopa kwamba mtoto akiruhusiwa kuuliza, imani itamtoka.

Mara nyingi hutokea kinyume chake. Mtoto ananyamaza, lakini swali haliondoki. Analipeleka kwenye simu na kijiweni. Baya zaidi, anajifunza kwamba kanisani na mezani kwa wazazi wake si mahali pa kusema anachofikiri kweli. Mtoto wa namna hiyo anaweza kuimba kwaya miaka kumi na bado asimjue Mungu anayemwimbia.

Biblia haimwogopi anayeuliza

Mzazi akikifungua Kitabu cha Ayubu atakuta jambo la kushangaza. Ayubu amepoteza watoto, mali na afya. Rafiki zake wanakuja, na baada ya siku saba za kukaa naye kimya wanaanza kumtetea Mungu: lazima kuna dhambi uliyoificha. Ayubu anakataa. Analalamika, anadai asikilizwe. Mwishoni Mungu anawakasirikia wale rafiki waliomtetea kwa maneno yasiyo ya kweli, na kusema kwamba Ayubu ndiye aliyenena sawasawa.

Ayubu hakuambiwa sababu ya mateso yake hata mara moja. Alichopata ni kukutana na Mungu mwenyewe, na mwisho wa kitabu anakiri kwamba awali alikuwa amesikia habari zake tu.

Nabii Habakuki naye anaanza kwa kumuuliza Mungu atalia mpaka lini bila kusikilizwa. Tomaso alitaka kuona makovu, na Yesu hakumfukuza, alimwonyesha. Yesu mwenyewe, akiwa msalabani, alimuuliza Mungu kwa nini amemwacha. Basi mtoto anayeuliza kwa uchungu hajatoka nje ya imani ya Kikristo. Yuko katikati yake.

Kanisa la kusini linaijua siku hiyo

Mwaka 1876, Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA aliongoza kutoka Unguja kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakaanzisha makazi Masasi. Walijenga, wakalima, wakasali. Mwaka 1882 Wangoni walioitwa Magwangwara waliivamia Masasi. Baadhi ya watu waliuawa, wengine wakachukuliwa mateka. Misheni ikahamia Newala.

Mzazi afikirie swali la mtu aliyetolewa utumwani, akabatizwa, kisha baada ya miaka sita akaona ndugu zake wakitekwa tena. Swali la watoto wa Kitaya lilishaulizwa katika nchi hii hii. Hata hivyo imani haikufia pale. Masasi ilikaliwa tena, na mwaka 1926 ikawa dayosisi. Huo si uthibitisho kwamba waliouawa walikufa kwa faida fulani, na mzazi asimwambie mtoto hivyo. Unaonyesha tu kwamba watu waliweza kubeba swali zito na bado wakasali.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, aseme "sijui" pale asipojua. Mtoto akigundua baadaye kwamba aliambiwa uongo kuhusu Mungu, atayatilia shaka hata yale ya kweli.

Pili, asimulie yaliyotokea kwa kweli, kwa kadiri ya umri wa mtoto, na asimpakazie jirani. Waliovuka Ruvuma walidai kupigana kwa jina la Mungu, na mtoto Mkristo katika ukanda huu wenye Waislamu wengi anaweza kumgeukia rafiki yake wa darasani. Aambiwe kwamba kaskazini mwa Msumbiji Waislamu wengi nao wameuawa na kukimbia makwao katika vita hivi. Amri ya Mungu inakataza kumshuhudia jirani uongo. Hakuna anayeitafuta kweli ya Mungu huku akimzushia mwenzake.

Tatu, wasali pamoja, na malalamiko yawemo. Zaburi zimejaa sala za namna hiyo. Mtoto aachwe aseme kwa Mungu kwa Kiswahili chake au Kimakonde chake: nina hasira, naogopa, sielewi.

Nne, waende kwa waliofiwa. Wakae nao, wawasaidie shambani, wapeleke unga. Mkristo anaamini kwamba Mungu alikuja kukaa na wanaoteseka. Mtoto ataelewa zaidi akimwona mama yake amekaa kimya kwenye mkeka wa mfiwa kuliko akisikia mahubiri matatu.

Mtoto akirudi na swali lile lile mwezi ujao, mzazi asione kwamba ameshindwa. Mtoto humrudia na swali mtu anayemwamini.