MKOROSHO HAUZAI KILA MWEZI

Ndugu wanachama, mtu asiye na nyumba yake hana heshima kamili katika nchi yake. Kwa hiyo twauliza bila kuogopa: mkulima wa korosho wa Msimbati, mvuvi wa mdomo wa mto Ruvuma na fundi wa Chikongola mjini Mtwara watapata wapi fedha za kujenga nyumba ya matofali na bati?

Si kwamba nchi haikufanya kitu. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliandika katika "Mali ya Taifa" kwamba ardhi isigeuzwe bidhaa ya sokoni. Mwaka 1962 likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa, na mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele tuliorithi kwa wakoloni ukafutwa. Baadaye ikaja Benki ya Nyumba, lakini ilianguka mwaka 1995. Mwaka 2008 Bunge likatunga sheria ya mikopo ya nyumba, na mwaka 2010 ikaundwa kampuni ya TMRC ili kuzipatia benki fedha za muda mrefu.

Hayo ni mema. Lakini tufanye hesabu. Mtu akikopa shilingi 10,000,000 kwa riba ya asilimia 15, alipe kwa miaka 20, atatoa zaidi ya shilingi 131,000 kila mwezi. Mwisho atakuwa amelipa zaidi ya 31,000,000: nyumba moja kwa bei ya nyumba tatu! Mwenye mshahara pengine ataweza. Mkulima wetu hana mshahara. Mkorosho hauzai kila mwezi. Fedha zake huja katika msimu wa minada tu. Miezi mingine atalipa nini?

Shida ya pili ni hati. Benki haikopeshi bila rehani. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 yasema hakimiliki ya kimila ni sawa na ile ya mjini. Lakini ambaye eneo lake halijapimwa ataonyesha karatasi gani? Na leseni ya makazi ya mjini haizidi miaka 5, hali mkopo ni wa miaka 20. Habari za gesi ya Mnazi Bay zilipovuma, wanunuzi wa viwanja walikuja mbio. Aliyeuza kwa bei ya kutupa, leo watoto wake watajenga wapi?

Twataka mambo matatu. Kwanza, mikopo ilipwe kwa msimu, kwa kupitia vyama vya ushirika. Pili, halmashauri zipime vijiji na mitaa upesi, na jina la mke liandikwe pamoja na la mume. Tatu, iwepo mikopo midogo ya kujenga kama watu wanavyojenga: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, bati mwaka wa tatu.

Nanyi ndugu, msikae kimya. Katika mkutano wa kijiji ulizeni: upimaji lini? Msitie sahihi karatasi ambayo hamkusomewa. Na kumbukeni kwamba sheria yakataza kuweka rehani nyumba ya ndoa bila idhini ya mwenzi.

Sheria iliyofungiwa kabatini haimsitiri mtu na mvua. Twaitaka itoke, ifike mpaka Ruvuma.