Leseni ya programu imfuate mfanyabiashara, si mashine

Dagaa wakishauzwa mwaloni Mwigobero, Musoma, muuzaji hana tena usemi juu yao. Programu ya kompyuta haiuzwi hivyo. Mnunuzi hulipia leseni, yaani ruhusa ya kuitumia kwa masharti. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta, hivyo kuzinakili bila ruhusa ni kosa. Linalobishaniwa ni namna ya kumtambua anayenakili.

Kwa miaka mingi programu za hesabu na stoo zimefungwa kwenye mashine. Programu husoma namba ya diski na anwani ya kadi ya mtandao, na zikibadilika hugoma kufanya kazi. Kwa kompyuta iliyo juu ya meza, utaratibu huo ulitosha.

Kwa kompyuta pepe hautoshi. Hii ni kompyuta iliyotengenezwa kwa programu, ikahifadhiwa kama faili ndani ya mashine kubwa inayobeba nyingine nyingi. Mashine hiyo inaweza kuwa Dar es Salaam na mtumiaji akawa Bunda au Butiama. Diski na kadi yake ni namba zilizoandikwa tu: faili likinakiliwa, namba nazo zinaweza kunakiliwa.

Watengenezaji wamejaribu kuziba pengo hilo. Programu ya VMware humuuliza mtumiaji kama kompyuta pepe imehamishwa au imenakiliwa. Akijibu imehamishwa, namba ya zamani hubaki. Mwizi hashindwi kujibu hivyo. Mwaka 2012 Microsoft ilileta namba ya biti 128 inayobadilika pale kompyuta pepe inaponakiliwa au kurudishwa katika hali yake ya awali. Namba hiyo huonyesha kwamba jambo limetokea, lakini haisemi kama ni wizi au ni matengenezo.

Hasara humwangukia mnunuzi mwaminifu. Chukulia chama cha ushirika cha Bunda katika msimu wa pamba. Mashine imeharibika, fundi amerudisha kumbukumbu kutoka nakala ya akiba, na programu iliyolipiwa inakataa kufunguka. Pamba iko mizanini, wakulima wanasubiri malipo, na muuza programu hapokei simu. Aliyenakili kwa ujanja anaendelea na kazi yake.

Njia nyingine ipo, na wafanyabiashara wanaifahamu. Mashine za EFD zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010 zilisajiliwa kwa TIN ya mlipakodi. Baadaye ilikuja VFD, ambayo ni programu isiyo na boksi lake mezani, nayo husajiliwa kwa TIN hiyo hiyo. Anayetambuliwa ni mlipakodi.

Wauzaji wa programu wafuate mkondo huo: leseni iandikwe kwa jina la biashara, na kinachohesabiwa kiwe idadi ya watumiaji kwa wakati mmoja. Watasema mlango wa wizi utafunguka. Lakini leseni ya watu watano ikitumiwa na kumi, hesabu itaonyesha. Kwa kuwa hesabu hiyo hutegemea mtandao, na mtandao hukatika, ziwepo siku za kusubiri kabla programu haijazimwa.

Mnunuzi naye, kabla ya kulipa, aulize: mashine ikifa, leseni itahamishwaje, kwa siku ngapi na kwa gharama ya nani? Majibu yaandikwe katika mkataba. Ahadi ya mdomo haitafungua daftari siku ya mizani.