Somo la Video Lipimwe Shelui, si Studioni

Chini ya mlima Sekenke, kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, upo mji mdogo wa Shelui katika Wilaya ya Iramba. Wakazi wake ni wakulima, wafugaji, wafanya biashara na wachimbaji wadogo wa dhahabu, na pamoja nao wapo walimu wa shule za hapo na za vijiji vya jirani. Mwalimu wa Shelui hayuko pembeni mwa Taifa. Mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 inamhusu yeye sawasawa na inavyomhusu mwenzake wa Dar es Salaam. Inapotangazwa kwamba mafunzo ya walimu kazini yanapatikana sasa kwa njia ya mtandao, tangazo hilo linamhusu yeye pia.

Jambo la kujiuliza ni hili: Mwalimu huyo anapofungua simu yake jioni, akiwa amekwisha kufundisha na kusahihisha madaftari, je, video anayoikuta humo inamfundisha, au inamlia fedha zake tu?

Swali hili si la mafundi wa mitambo peke yao. Ni swali la haki, na ni swali la matumizi ya mali ya umma. Taasisi ya Elimu Tanzania imekwisha kuweka mfumo wa kujifunzia mtandaoni, na mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, yaani MEWAKA, unawataka walimu wakutane katika jumuiya za kujifunza shuleni na katika vituo vyao. Huo ni msingi mzuri. Lakini yafaa ikumbukwe kwamba juu ya msingi mzuri yaweza kujengwa nyumba mbovu. Katika vyuo na taasisi nyingi duniani umezuka mtindo wa kumweka mhadhiri mbele ya kamera, asome kwa saa nzima maandishi yaliyokwisha kuandikwa ukutani, kisha hotuba hiyo ikatiwa mtandaoni na kuitwa somo. Hapo hakuna somo lililopangwa. Kilichofanyika ni kuhamisha usingizi wa ukumbini na kuupeleka nyumbani kwa mwanafunzi.

Gharama ya usingizi huo inahesabika. Video iliyoandaliwa kwa kasi ya megabiti 2 kwa sekunde hula megabaiti 900 kwa saa moja. Video ya dakika sita, ikiandaliwa kwa kasi ya kilobiti 300 kwa sekunde, haifiki megabaiti 14. Sauti peke yake, kwa kasi ya kilobiti 64, hula megabaiti zipatazo 29 kwa saa nzima. Basi mpangaji wa masomo anayerekodi saa moja ya uso wa mhadhiri, pale ambapo sauti na kijitabu vingetosha, anamtoza mwalimu wa kijijini mzigo ulio mara thelathini ya ule uliohitajika. Mzigo huo haulipwi na mpangaji. Unalipwa na mwalimu kutoka mshahara wake, kwa kununua vifurushi vya simu.

Yaweza kudhaniwa kwamba mwenye fedha na mtandao wa kasi hufaidika na mihadhara mirefu. Utafiti hauonyeshi hivyo. Mwaka 2014, watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichunguza mara milioni 6.9 ambazo wanafunzi walitazama video katika kozi nne za mtandaoni za edX nchini Marekani. Waliona kwamba muda ambao wanafunzi kwa kawaida walidumu kutazama haukuzidi dakika sita, hata kama video yenyewe ilikuwa ndefu zaidi. Waliona pia kwamba mkono unaochora na kueleza hatua kwa hatua huwavuta wanafunzi kuliko maandishi yaliyokwisha kupangwa. Naye Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California ameonyesha kwa majaribio ya miaka mingi kwamba mtu huelewa zaidi picha inapofuatana na maelezo ya sauti, na kwamba kuyaandika yote juu ya picha maneno yale yale yanayosemwa huweza kumvuruga badala ya kumsaidia.

Lakini hata video fupi iliyotengenezwa kwa ustadi haifundishi ikiachwa peke yake. Tanzania ililijua jambo hili kabla mtandao haujazaliwa.

MAFUNZO YA 1973

Mwaka 1973 nchi nzima iliingia katika kampeni ya Mtu ni Afya. Chombo chake kikuu kilikuwa redio, nacho kilisema tu bila kuonyesha picha yoyote. Hata hivyo kampeni hiyo iliyodumu kwa wiki 12 iliwafikia watu wanaokadiriwa kuwa milioni 2. Siri haikuwa katika redio. Wananchi walikusanyika katika vikundi, kila kikundi kikiwa na kiongozi aliyeandaliwa na kijitabu cha kusoma. Walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya hapo kijijini pao: kuchimba choo, kufyeka majani, kufukia madimbwi ya mbu, kuchemsha maji ya kunywa. Somo lilihesabiwa kuwa limekwisha pale choo kilipochimbwa, wala si pale redio ilipozimwa. Mwaka 1975 njia hiyo hiyo ilitumika katika kampeni ya Chakula ni Uhai.

Walimu nao wana historia yao katika jambo hili. Baada ya Azimio la Musoma la 1974, Taifa lilipoamua kwamba kila mtoto aende shule ya msingi, vyuo vya ualimu havikuweza kutoa walimu wa kutosha. Makumi ya maelfu ya vijana walifundishwa ualimu wakiwa kazini vijijini, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na msaada wa wakufunzi. Mpango huo ulikuwa na kasoro zake, na wazee wa kazi ya ualimu wanazikumbuka. Lakini ulishika kanuni moja ya kweli, kwamba mwalimu mwanafunzi asikie jambo, alisome, alijaribu darasani kesho yake, kisha apate mtu wa kumsahihisha.

Nchi za nje zinatoa ushahidi huo huo. Mwaka 1971 Ivory Coast ilianza kufundisha shule za msingi kwa televisheni kutoka studio za Bouaké. Ulikuwa mpango mkubwa na wa gharama nzito, ukakosa kuungwa mkono na wengi wa walimu na wazazi, na mwaka 1982 ukafungwa. Mexico ilianza mpango wake wa Telesecundaria mwaka 1968 kwa ajili ya vijana wa vijijini, nao ungali hai. Huko kipindi cha televisheni kimekuwa sehemu fupi tu ya somo, na muda uliobaki ni wa kitabu, mazoezi na mwalimu aliyesimama darasani. Nchi zote mbili zilikuwa na picha. Iliyodumu ni ile iliyompa picha nafasi ya msaidizi.

VIDEO INAFAA WAPI

Haya yote hayana maana kwamba video itupwe. Yapo mambo ambayo redio na kitabu haviwezi kuyafundisha vema, na hapo ndipo fedha ya video ilipo na haki ya kutumika. Mwalimu wa Darasa la Kwanza anayejifunza kufundisha sauti za herufi hana budi kuona midomo inavyokaa na kusikia sauti inavyotoka. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi na madawati machache anahitaji kuona jinsi mwenzake anavyowagawa watoto katika makundi bila darasa kuwa soko. Jambo hilo likielezwa kwa maneno huwa nasaha tu, likionekana huwa njia.

Shelui yenyewe inatoa mfano mwingine. Katika eneo la Sekenke dhahabu ilianza kuchimbwa tangu zama za Wajerumani, na hadi leo wachimbaji wadogo wako kazini. Wachimbaji wadogo hutumia zebaki kuikamata dhahabu, kisha huichoma zebaki hiyo motoni. Mvuke wake hauonekani wala haunuki, na anayeuvuta haoni kwamba anajidhuru. Mwalimu wa sayansi akisema maneno haya darasani, mtoto aliyemwona baba yake akichoma zebaki kila wiki aweza kutoamini. Lakini video ya dakika tano yaweza kuuchora mvuke huo ukipanda na kuingia puani, kisha ikaonyesha chombo kilichofungwa chenye bomba, ambamo mvuke hupoa na kurudi kuwa zebaki ya maji tena. Ikome hapo. Iulize: Zebaki ilikuwa imekwenda wapi ilipochomwa wazi? Wanafunzi wajibu, wajadiliane, wakawaulize wazazi wao jioni. Hiyo ni video iliyofanya kazi ambayo chaki isingeweza kuifanya.

Wapo watakaosema kwamba wataalamu ni wachache, na kwamba hotuba moja ya mtaalamu iliyorekodiwa, hata ikiwa ndefu, ni bora kuliko kukosa kabisa. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na haifai kupuuzwa. Lakini kama mtaalamu ni adimu, basi na muda wake utumike kwa uangalifu. Kilicho cha maelezo matupu katika hotuba yake kitolewe kwa sauti na kwa maandishi, na kile ambacho hakina budi kuonekana ndicho kipigwe picha. Wapo pia watakaosema kwamba mtandao unaenea na bei itashuka, kwa hiyo hesabu za megabaiti zitapitwa na wakati. Na iwe hivyo. Hata siku ambayo mtandao utakuwa bure, dakika sita za usikivu wa binadamu zitabaki dakika sita.

WAJIBU WA WAPANGAJI

Wahenga walisema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Wapangaji wa masomo ya mtandaoni wengi hukaa mahali penye umeme usiokatika na mtandao wa kasi, nao huipima kazi yao kwenye meza zao wenyewe. Hapo kila video huonekana nzuri. Hapana budi kipimo kihamishwe.

Kwanza, kila video ya mafunzo kabla ya kutolewa ijaribiwe mahali kama Shelui, kwa simu ya kawaida na mtandao wa kawaida, mbele ya walimu watano au sita wa shule moja. Wakishindwa kuifungua, au wakaitazama wasijue la kufanya kesho darasani, irudishwe kutengenezwa upya.

Pili, kila video iwe na kazi moja, iwe fupi, na iandikwe wazi uzito wake ili mwalimu ajue atalipa nini kabla hajaifungua. Iweze kupakuliwa mara moja na kutumika mara nyingi, na nakala zake ziwekwe katika Vituo vya Walimu, ili mwenye simu na kadi ya kuhifadhia aende akachukue bila kununua kifurushi.

Tatu, video isimame katikati na kuuliza swali, nayo ifuatane na karatasi ya kazi kwa Kiswahili fasaha. Jumuiya ya kujifunza ya shule iwe ndiyo mahali pa kuitazama, kwa simu moja au kompyuta moja, walimu wakiwa pamoja. Mwalimu mkuu ahakikishe kwamba mazungumzo yanachukua muda mrefu kuliko picha.

Nne, darasa linaloonyeshwa lifanane na madarasa ya nchi hii. Video ya mwalimu mwenye wanafunzi ishirini waliokaa juu ya zulia haimsaidii mwenye wanafunzi tisini. Humfanya aone kwamba mbinu hiyo ni ya watu wengine.

Tano, mafanikio yasihesabiwe kwa idadi ya waliofungua video. Mtu aweza kuifungua akaenda kupika. Yahesabiwe kwa kilichobadilika darasani, na wenye kazi ya kuangalia hilo wapo: walimu wakuu, maofisa elimu kata na wadhibiti ubora wa shule.

Walimu nao wana wajibu wao. Mwalimu anayeitazama video peke yake, akaifunga, asiwaambie wenzake alichokiona wala asikijaribu, atakuwa ameipoteza hata ile iliyo nzuri. Nayo halmashauri isiyotenga fungu dogo la mtandao kwa vituo vyake, huku ikitaka taarifa za mafunzo kila robo mwaka, inawadai walimu deni ambalo si lao.

Mwaka 1973 Taifa hili, likiwa na redio za betri, vijitabu na viongozi wa vikundi wa kujitolea, liliweza kuwafanya mamilioni wasikilize, wazungumze na kutenda. Leo vyombo ni bora mara nyingi zaidi. Itakuwa aibu matokeo yakiwa duni kwa sababu tu wapangaji wamependezwa na picha wakamsahau mtazamaji. Elimu haina mwisho, lakini kifurushi cha mwalimu kina mwisho, na uvumilivu wake pia. Anayetengeneza somo la video na alifunge kwa kujiuliza swali moja: Kesho asubuhi, mwalimu wa Shelui atafanya nini darasani ambacho jana hakuweza kukifanya? Asipokuwa na jibu, aizime kamera.