Eneo kwanza, namba baadaye: jinsi maji ya Songwe yanavyohesabiwa

Matangazo ya Serikali kuhusu maji siku hizi huja na namba. Hutajwa mita za ujazo zitakazohifadhiwa na bwawa, kiwango cha mafuriko ambacho daraja limesanifiwa kukihimili, au kiasi ambacho mwenye kibali ameruhusiwa kuchukua mtoni kwa siku. Mara nyingi namba hizo hazikupimwa moja kwa moja mtoni. Hutokana na programu za kompyuta zinazoiga safari ya maji, tangu mvua inapoanguka mlimani hadi mto unapofika ziwani. Mwananchi anayesoma tangazo la aina hiyo anapaswa kujua kwamba programu hizo haziuanzi mto kama mstari. Huanza na eneo: mipaka ya ardhi inayolisha mto, kilichoota juu yake, na mvua inayoipiga. Eneo likichorwa vibaya, hesabu zote zinazofuata huwa sahihi juu ya msingi usio sahihi.

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, unafaa kuwa mfano kwa sababu hata jina lake linaweza kumpoteza mchoraji asiye makini. Iko mito miwili inayoitwa Songwe. Mmoja unaelekea kaskazini magharibi na kuishia Ziwa Rukwa. Mwingine ni mpaka wa Tanzania na Malawi, nao unateremka kusini mashariki hadi Ziwa Nyasa katika Wilaya ya Kyela. Maji mengi ya Wilaya ya Ileje, ilipo Kata ya Ibaba, yanakwenda Nyasa. Maji ya upande wa Tunduma na Momba yanaelekea Rukwa kupitia Mto Momba. Ndiyo maana mkoa mmoja unahudumiwa na bodi mbili za maji za mabonde: ya Ziwa Nyasa, yenye makao Tukuyu, na ya Ziwa Rukwa, yenye makao Mbeya. Mkulima wa Ileje na mfanyabiashara wa Tunduma wanaotaka kibali cha kutumia maji hawaendi ofisi moja, ingawa mkuu wao wa mkoa ni mmoja. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inafuata maji yanakoelekea, haifuati mipaka ya utawala.

Kazi ya kwanza ya mtaalamu anapofungua programu, iwe HEC-HMS ya Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani au nyingine ya aina hiyo, ni kuchora vidakio. Kidakio ni eneo lote ambalo tone la mvua likianguka ndani yake litaishia katika sehemu moja ya mto. Zamani mipaka hii ilichorwa kwa mkono juu ya ramani, kwa kufuata vilele vya milima. Sasa kompyuta huikokotoa kutokana na data za mwinuko wa ardhi. Zinazotumika sana ni zile zilizokusanywa kwa rada na chombo cha anga cha Marekani mwezi Februari 2000, ambazo hugawa ardhi katika vipande vya mita 30 kwa 30.

Katika milima ya Ileje, ambako miteremko ni mikali na matuta ya milima yako wazi, kompyuta haipati taabu kubwa. Taabu iko kwingine. Rada hupokea mwangwi kutoka juu ya miti mikubwa, si kutoka ardhini, kwa hiyo msitu unaweza kuonekana kama kilima. Barabara mpya yenye mifereji huhamisha maji kutoka kidakio kimoja hadi kingine, na data za mwaka 2000 haziijui. Katika tambarare ya Kyela, ambako Mto Songwe umekuwa ukihama njia yake mara kwa mara kiasi cha kuathiri mpaka wa nchi mbili, tofauti ya mwinuko ni ndogo mno na kompyuta huweza kuupitisha mto mahali ambapo haupo. Hapo ndipo mtu anayeijua ardhi kwa miguu anapoishinda mashine, na mtaalamu anayesahihisha mpaka bila kwenda kutembea uwandani amefanya nusu ya kazi.

Mipaka ikishakubaliwa, linakuja swali zito zaidi: juu ya eneo hilo kuna nini? Mvua ya milimita moja juu ya kilomita moja ya mraba ni mita za ujazo 1,000, sawa na lita milioni moja. Mvua ya milimita 60 kwa siku moja juu ya kidakio cha kilomita za mraba 10 ni mita za ujazo 600,000. Hilo ni hesabu ya darasani. Kisicho rahisi ni kujua ni kiasi gani kitapenya ardhini na kiasi gani kitateremka mara moja kikibeba udongo. Njia inayotumika sana kukadiria hilo ilibuniwa na Idara ya Hifadhi ya Udongo ya Marekani katika miaka ya 1950. Kila aina ya ardhi hupewa namba isiyozidi 100. Namba ikiwa ndogo, ardhi inanyonya. Ikiwa kubwa, ardhi inatiririsha.

Tuchukue mfano wa hesabu, ambao si kipimo cha kata yoyote. Katika majedwali ya njia hiyo, msitu mzuri juu ya udongo unaopenyeza maji kwa wastani hupewa 55. Shamba la mazao ya mistari kama mahindi, juu ya udongo uleule, hupewa 78. Mvua ile ya milimita 60 ikianguka juu ya kidakio chenye msitu mtupu, kanuni inatoa mtiririko wa milimita 1.5 tu, yaani takribani mita za ujazo 15,000. Kidakio hicho kikiwa shamba tupu, mtiririko ni karibu milimita 18, takribani mita za ujazo 178,000. Mvua ni ileile na mlima ni uleule, lakini maji yanayofika kwenye kalvati yameongezeka karibu mara 12. Kwa hiyo mtaalamu anayetumia ramani ya uoto ya miaka 15 iliyopita, wakati sehemu ya msitu imekwishageuka mashamba, anaweza kusanifu kalvati ambalo halitamaliza msimu wake wa kwanza. Kinyume chake pia hutokea: ramani isiyotambua miti iliyopandwa hulifanya daraja liwe ghali kuliko inavyohitajika, na fedha hizo zingejenga kituo cha maji kijiji cha pili.

Liko kosa la pili ambalo halionekani kirahisi. Tuseme nusu ya kidakio ni msitu na nusu ni shamba. Mchoraji mwenye haraka huchora eneo moja na kulipa namba ya wastani, 66.5. Mvua ileile sasa inatoa mtiririko wa milimita 7.3. Mchoraji makini hutenganisha maeneo mawili, akayakokotoa kila moja peke yake kisha akajumlisha. Anapata milimita 9.6. Aliyetumia wastani amepoteza karibu robo ya maji kwenye karatasi, ingawa mtoni maji hayo yapo. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa nyanda za juu kama Ileje, ambako mashamba madogo, vichaka, miti na makazi hupokezana ndani ya mteremko mmoja.

Majedwali yenyewe yalitokana na mashamba ya Marekani. Yanafaa kuanzia kazi, lakini hayatoshi kuimaliza. Namba zake hulazimika kulinganishwa na vipimo vya mto husika na kurekebishwa, na pasipo kituo cha kupimia kina cha mto, marekebisho hayo huwa makisio tu. Fedha za kutunza vituo vya kupimia mvua na mito hazina mvuto wa sherehe za uzinduzi, lakini bila vituo hivyo hata programu bora kuliko zote haina cha kusahihishwa nacho.

Mvua nayo ni eneo. Kituo kimoja cha kupimia hupokea maji katika duara ndogo kuliko sahani, kisha kipimo chake hutumika kuwakilisha makumi ya kilomita za mraba. Njia ya kugawa ardhi kati ya vituo, kila kituo kipewe eneo lililo karibu nacho kuliko vingine, imetumika tangu mwaka 1911, na bado imo katika programu za leo. Penye vituo vichache hutumiwa makadirio ya setilaiti, kama yale ya CHIRPS yanayoanzia mwaka 1981, ambayo hutoa kipimo kimoja kwa mraba wenye upande wa takribani kilomita tano. Katika nchi tambarare mraba huo unaweza kutosha. Katika milima ya Ileje unaweza kumeza kilele na bonde kwa pamoja, ilhali mvua zake hazifanani. Daftari la mvua la shule au la mmishonari wa zamani, likiwa limejazwa kwa uaminifu, linaweza kuwa na thamani ambayo mwenye kulitunza haijui.

Ziwa nalo huingizwa kama eneo, lakini lenye tabia yake. Ziwa Nyasa lina ukubwa wa takribani kilomita za mraba 29,600, na sehemu kubwa ya maji yake huondoka kwa kuwa mvuke. Sentimita moja ya maji juu ya eneo hilo ni karibu mita za ujazo milioni 296. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, na ufuo wake husogea mbali sana kati ya miaka ya mvua nyingi na ya ukame. Kulipa Rukwa eneo lisilobadilika katika programu ni kukosea tangu mwanzo. Linahitaji jedwali linaloonyesha eneo kwa kila kina.

Kwa Songwe ya Nyasa mchoro hauwezi kuishia kwenye mpaka wa nchi. Bonde lake lina takribani kilomita za mraba 4,200, zaidi kidogo ya nusu zikiwa Tanzania na zilizobaki Malawi. Mwaka 2017 nchi hizo mbili zilitia saini mkataba wa kuunda Kamisheni ya pamoja ya Bonde la Mto Songwe. Mpango wa bonde hilo unahusisha mabwawa matatu, na lile la chini limekusudiwa kuzalisha umeme wa takribani megawati 180, kumwagilia mashamba ya pande zote mbili na kupunguza mafuriko katika tambarare. Modeli inayoacha upande mmoja ingepoteza karibu nusu ya ardhi inayolisha bwawa. Na hata pande zote zikiwamo, kama nchi moja inaita "shamba" kile ambacho nyingine inakiita "kichaka", mtiririko utaonekana kubadilika ghafla katikati ya mto pasipo sababu yoyote ya kimaumbile. Kukubaliana juu ya maana ya maneno ni sehemu ya uhandisi.

Kijiji nacho kinaingia hapa, na kwa njia ambayo ni ya kisheria kabisa. Mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, unaoandaliwa na Halmashauri ya Kijiji na kupitishwa na Mkutano Mkuu wa Kijiji, ni ramani ya maeneo: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho, hapa hifadhi ya chanzo cha maji. Ni karibu kilekile ambacho mtaalamu wa bonde anakitafuta kwa setilaiti, isipokuwa hiki kimethibitishwa na watu wanaoishi hapo. Vijiji vya Ibaba na vya kata jirani vikiwa na mipango iliyo hai, bodi ya bonde inapata data ambazo hakuna chombo cha anga kinachoweza kuzitoa. Mipango ikibaki kabatini ofisi ya mtendaji, haimsaidii mwanakijiji wala mhandisi.

Tahadhari moja inahusu mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na vyanzo vya maji. Katika data za mita 30, ukanda huo ni upana wa vipande viwili tu, na mara nyingi programu huumeza ndani ya shamba lililo jirani. Yeyote atakayesema kwamba modeli haikuonyesha faida ya kuuacha ukanda huo ukiwa na uoto, aulizwe kwanza kama modeli yake iliuona.

Yote haya yanaelekea kwenye ombi lililo ndani ya uwezo wa taasisi zetu. Tangazo linalotaja kiasi cha maji litaje pia ukubwa wa eneo lililohesabiwa, mwaka wa ramani ya uoto iliyotumika, na miaka ya mvua iliyoingizwa, kwa Kiswahili na pamoja na ramani ambayo mwanakijiji anaweza kuitambua kwa majina ya vilima vyake. Ramani hiyo ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kata kabla ya Novemba, mvua za msimu zinapoanza katika mikoa hii, ili anayeona kwamba kijito chake kimepelekwa bonde lisilo lake aseme kwa mtendaji wake, naye mtendaji aandike kwa Tukuyu au Mbeya, kwa kadiri maji yanakoelekea.